Sufuria Tatu za Jumbe

Hadithi, hadithi! Itikieni kwa nguvu, maana leo nina hasira.

Hapo kale, kwenye vilima vya mawe ya chokaa, palikuwa na chemchemi iliyojaza bwawa. Watoto walipiga mbizi humo mpaka midomo ikatetemeka. Mwenye bwawa alikuwa jini wa kike, na sharti lake lilikuwa moja: sufuria yenye masizi isiguse maji yale.

Basi Jumbe Mwinyipembe akaozesha binti. Watu walipokwisha kula pilau akaamuru, "Sufuria zikasuguliwe bwawani!"

Mpishi wake, Bi Mwanatenga, akamsihi, "Jumbe, mwenyewe atachukia. Tuteke maji tuoshee kando."

"Mwenyewe nani? Bwawa ni langu!"

Ikatumbukizwa sufuria ya kwanza. Maji yakashuka hadi kifuani, watu kimya. Ikatumbukizwa ya pili. Maji yakashuka hadi magotini, watu kimya. Jini akachomoza mwambani, akauliza, "Hakuna wa kumkataza huyu?"

Kimya! Shibe imewaziba midomo.

Ikatumbukizwa ya tatu. Maji yote yakanywewa na mwamba.

Jumbe akalia, "Mbona umewaadhibu wote?"

Jini akajibu, "Wewe ulikuwa mmoja. Wao walikuwa mia."

Mpaka leo, ukilaza sikio juu ya jiwe, utayasikia maji yakipita chini.

Hadithi yangu naitua hapa. Utamu wake gawaneni. Uchungu niachieni, kwani sufuria ya tatu niliibeba mimi.