Bi Kwale na Utando wa Kupimia Kelele

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa au mmepiga chafya? Nataka isikike mpaka jikoni. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na katikati ya mji palikuwa na bustani. Bustani ilikuwa ya wote, mkubwa na mdogo. Na desturi yao ilikuwa hivi: mama akipata mtoto, humpeleka bustanini, akachukua baragumu, ile pembe ya palahala, akalitaja jina la mtoto mle ndani. Sauti inaingia ndogo, inatoka kubwa. Wanyama wote hujibu, "Tumemsikia." Tangu siku hiyo mtoto yule akipotea, yeyote atakayemwona humrudisha kwao, maana anajua ni wa nani. Asiyetajwa hakuwa wa mtu.

Basi palikuwa na Bi Kwale, jina lake Somoe. Ndege mdogo, miguu myekundu, sauti nyembamba. Alikuwa ametotoa vifaranga watano.

Wakati huo bustani ilikuwa imepata mkuu mpya, Kiboko. Kiboko alipenda kulala mchana. Akatoa amri: ni marufuku kupiga baragumu bustanini bila kibali. Na kibali anatoa nani?

"Kiboko!"

Nyinyi mna akili kuliko mnavyoonekana. Bi Kwale akafunga safari mpaka ofisini kwake. "Hodi. Shikamoo, Mzee. Naomba kibali cha baragumu. Nina watoto hawajatajwa."

"Marahaba. Majirani zako wamekubali? Kila mmoja akanyage jani la mgomba, uniletee nyayo zao. Njoo kesho."

Bi Kwale akazunguka na jani lake. Nungunungu akakanyaga. Kobe akakanyaga, ingawa mpaka ainue mguu kivuli kilikuwa kimeshahama. Akaenda kwa Bundi, ambaye naye hulala mchana. Bundi akafungua jicho moja, akasema, "Majina ya watoto hayajawahi kuniudhi. Lete hilo jani."

Kesho yake, hodi tena. Kiboko akalitazama jani, akaligeuza juu chini. "Sawa, nyayo nimeziona. Sasa kipimo."

Akaagiza baragumu liletwe, akamwita karani wake, Buibui. Kazi ya Buibui ilikuwa kutanda utando. Ukitulia, hakuna kelele. Ukitikisika, kelele imezidi. Kiboko akamwambia, "Tanda hapa hapa, kwenye mdomo wa baragumu."

Bi Kwale akapuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza uji. Utando ukatikisika.

"Kelele," akasema Kiboko. "Umenyimwa. Njoo mwezi ujao."

"Mzee," akasema Bi Kwale, "juzi ulipomwoza binti yako, mabaragumu yalilia siku tatu. Utando ulitandwa wapi?"

Kiboko akapiga miayo. Buibui akaangalia miguu yake, yote minane. Halafu akasema polepole, "Ng'ambo ya mto."

"Nani amekuuliza wewe?" akafoka Kiboko.

"Bibi, si anamwonea?"

Anamwonea, Mwanaidi, tena mchana kweupe. Sasa sikilizeni. Bi Kwale aliporudi nyumbani alikuta vifaranga wanne. Yule wa mwisho, Kidawa, hayupo. Akatafuta vichakani, hayupo. Akatafuta chini ya magogo, hayupo. Akakutana na Kima.

"Nilimwona asubuhi," akasema Kima. "Alikuwa analia ndani ya mfereji. Sikujua ni wa nani, nikapita zangu."

Bi Kwale akamkuta Kidawa mle mferejini, ametota, anatetemeka, mguu mmoja umeumia. Akamfunga mguu kwa jani. Kifua kilimjaa hasira, na sitawaficha, hasira ile ilikuwa ya haki. Kima hakumlaumu. Alijua wa kulaumiwa ni nani.

"Kesho napiga," akasema. "Kibali kiwepo, kisiwepo."

Kobe akamshauri, "Mwenye nguvu mpishe, Somoe."

"Nimempisha mara mbili, babu. Sasa nimefika ukutani."

Siku ya tatu, jua la utosi, Bi Kwale akasimama na vifaranga wake katikati ya bustani. Hakujificha. Akataja kwenye baragumu: "Huyu ni Mosi, wa Somoe." Wanyama wakajibu vipi?

"Tumemsikia!"

Akamtaja wa pili. "Tumemsikia!" Akamtaja wa tatu. "Tumemsikia!" Akamtaja wa nne. "Tumemsikia!" Hapo Kiboko akatoka dimbwini, maji yanamchuruzika.

"Nani amekuruhusu?"

"Majirani zangu. Nyayo zao umeziona."

"Buibui, tanda utando. Hapo mdomoni."

"Atande," akasema Bi Kwale, "lakini mdomoni hapana. Anayelindwa ni anayelala. Atande pale unapolala wewe."

Buibui akamtazama Kiboko. Akamtazama Kidawa na mguu wake uliofungwa jani. Kisha akaondoka, akampita bosi wake puani, akaenda mpaka dimbwini, akatanda utando kati ya matete mawili. Aliogopa sana, lakini alitanda.

Bi Kwale akapuliza baragumu kwa nguvu zake zote. Utando ukatulia, hata uzi mmoja haukucheza.

Kiboko akavimba. Akafungua kinywa chake chote akanguruma, "Nyamazeni! Nimesema nyamazeni!"

Matete yakalala. Utando ukachanika vipande vipande, ukaelea majini.

Buibui akasema, "Mzee, kipimo kimekatika."

Bundi, bila hata kufungua macho, akasema, "Nyani haoni kundule."

Kiboko akafumba kinywa. Akarudi majini taratibu, akazama mpaka yakabaki masikio.

Bi Kwale hakungoja kibali. Akamwinua Kidawa ili wote wamwone. "Huyu ni Kidawa, wa Somoe."

Na aliyejibu kwa sauti kuliko wote alikuwa Kima.

Wajukuu zangu, amri ya kulinda usingizi ni nzuri, hata mimi nalala. Lakini kipimo kikisogezwa mdomoni kwa mnyonge na ng'ambo ya mto kwa mkubwa, msikubali, na msisubiri ruhusa ya kumtaja mtoto wenu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Sasa kila mmoja anitajie jina lake kabla hajaenda kulala, kwa sauti, nami nitamjibu.