Kwa Nini Korongo Husimama Peke Yake Mtoni

Zamani, korongo alipokuwa bado hajawa ndege, kingo za mto Lwasa zilijaa matete marefu kuliko nyumba, na viboko walijipumzisha kivulini mchana kutwa. Watu wakayakata matete, wakayachoma, wakachuja majivu kupata chumvi. Mboga zikakolea kweli. Lakini kivuli kilipokwisha viboko walihama na watoto wao kwenda juu mtoni, na samaki waliojilisha kwa mavi yao wakawafuata. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba wanaupenda mto.

Mtemi Kasanda akaomba watu wajitolee kupanda upya. Wakaja wengi, na ngoma, na pombe. Kila mmoja alipanda mche wa mkuyu, akaufunga kipande cha kaniki yake, ili viboko wakirudi wajue wa kumshukuru. Mama mmoja, Nyamizi, alipanda wake akiwa na haraka: mwanawe Shija alikuwa amelala nyumbani, miguu imevimba kwa kukosa kitoweo.

Asubuhi iliyofuata alirudi na mtungi. Hakukuta mtu. Akaenda kumgongea jirani yake, Kabula.

“Wangu umeshanyauka, Mama Shija. Nikamwagilie wa nani?”

“Wowote ulio hai.”

“Ulio hai una kaniki ya Mtemi. Aje mwenyewe!”

Alipomwendea Mtemi, naye alishangaa. “Lakini si tulishapanda, mama? Ngoma ilikesha!”

“Ngoma haikuacha hata tone la maji, Mtemi.”

Akarudi mtoni. Kiangazi kizima alimwagilia miche ya watu, akiwaita wenyewe mpaka sauti ikamkauka. Tope la kijivu lilimganda mwilini. Mche wake ulipokufa, alifungua kile kipande cha kaniki akajifunga kisogoni, kuzuia jasho.

Alfajiri moja kiboko jike aliteremka na ndama wake kuangalia kama pamepona. Aliona vitambaa vyeusi vikipepea juu ya vijiti vikavu, ukingo mzima, akadhani ni watu wamejipanga kumvizia. Akageuka.

Nyamizi alijitosa majini. Alitaka kumwambia angoje, michache imeshika. Kilichomtoka kilikuwa mkwaruzo tu. Akabaki amesimama pale, shingo ameinyoosha kule kiboko alikopotelea. Jioni watu walipokuja kumwambia kwamba Shija amekata roho, hakugeuka. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imekonda kama matete. Mtemi alisema mama huyu anastahili heshima, ikapigwa ngoma tena.

Na tangu siku hiyo korongo ni wa kijivu, sauti yake hukwaruza, na kisogoni huning'inia manyoya meusi mithili ya kitambaa. Husimama majini peke yake, akitazama juu mtoni. Akinasa samaki hammezi mara moja. Humshika kwanza mdomoni, akaangalia huku na huku, kama mtu anayetafuta wa kumpa. Kisha humeza.