Kigoda Kilichobaki

Washonaji walikuwa wengi katika mtaa ule, lakini mwalimu wa ushonaji alikuwa mmoja tu. Chumba chake cha mbele kilijaa cherehani, meza ndefu ya kukatia nguo na vigoda vifupi vya wanagenzi. Kila aliyetaka kufunzwa aliujua utaratibu: apige hodi mlango wa mbele, asimame kizingitini, aseme kwa kinywa chake kwamba hajui na anaomba kujua. Mwalimu hakumwalika mtu.

"Kiu ya mwenzangu siisikii kooni mwangu," alizoea kusema. "Mwenye kiu aseme."

Binti yake hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Angepigaje, naye alizaliwa humo humo? Tangu alipokuwa akitambaa na kuokota vifungo sakafuni, njia yake ilikuwa mlango wa jikoni. Sasa alikuwa msichana mzima, mwenye mkono mwepesi kama mbayuwayu. Alipiga pasi, alipachika vifungo, alipinda mapindo, na wanagenzi walipoharibu mshono, yeye ndiye aliyeufumua. Lakini kukata nguo, ambako ndiko roho ya ufundi, hakufundishwa. Kila alipoukaribia mkasi mkubwa, mwalimu, ambaye ndiye mama yake mzazi, alimtuma maji.

Hata hivyo, kilichomkereketa zaidi kilikuwa neno. Mteja akiingia, mwalimu alimshika mmoja wa vijana wake begani na kusema, "Huyu ni mwanagenzi wangu," kwa sauti ya mtu anayeonyesha pete mpya. Mteja akiuliza, "Na huyu?" jibu lilikuwa, "Huyu? Huyu ni mwanangu tu."

Ile "tu" ilimchoma kuliko sindano. Mwana huzaliwa, aliwaza, bali mwanagenzi hukubaliwa. Naye alitamani kukubaliwa mpaka mate yakamkauka. Jioni, vijana wakishaondoka, alikalia kigoda kimojawapo, akaelekeza uso kwenye kiti cha mwalimu kana kwamba anasikiliza, kisha akainuka upesi kabla mama hajatokea.

Siku moja mwanagenzi mmoja alihitimu, kigoda chake kikabaki kitupu.

"Mkono wangu umeanza kutetemeka," mwalimu aliwaambia waliobaki. "Nitampokea mmoja tu, basi. Baada yake sifunzi tena. Nasikia kuna msichana wa mtaa wa pili atakuja kesho asubuhi."

Binti alimkazia mama macho. Mama alikuwa akitunga uzi sindanoni. Uzi ulilikosa tundu, ukalikosa tena, lakini yeye hakuinua uso.

Jikoni, binti aliosha vikombe kwa kishindo. Twiga, mwanagenzi mrefu kuliko wote, aliinama mlangoni asigonge kichwa.

"Dada, hivyo vikombe vimekutukana?"

"Niache, Twiga. Wewe ulikuja hujui kola wala pindo, ukaitwa mwanagenzi siku hiyo hiyo."

"Kweli kabisa. Shati langu la kwanza lilikuwa na mikono miwili ya kushoto." Twiga alicheka. "Lakini hodi nilipiga. Wewe je?"

"Nipige hodi kwetu? Watu wanicheke? Mimi najua kuliko nyinyi nyote!"

"Haya basi. Anayejua anafunzwa nini?"

Twiga akachukua kikombe chake akaenda zake. Binti alibaki ameshika kitambaa kilichodondosha maji miguuni.

Asubuhi alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba zote za safu yao.

"Umefungiwa nje, mwanangu?" jirani alimuuliza.

"Hapana, mama. Ndiyo kwanza naingia."

Ng'ambo ya barabara, msichana mgeni alisimama akijitengeneza nguo, akisitasita. Binti aliharakisha hatua. Akaufikia mlango wa mbele.

"Hodi!"

Cherehani zikanyamaza. Sauti ile kila mtu aliijua.

"Karibu," mwalimu alisema. "Unatoka wapi?"

"Jikoni."

Twiga alijikohoza kuficha kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ni mbali," alisema. "Umechelewa sana njiani. Unajua nini?"

Mapindo yote aliyowahi kupinda yalimpanda kinywani. Akayameza. Akapiga magoti pale kizingitini.

"Sijui, Mwalimu. Naomba unifunze."

Mama aliweka sindano chini. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ningekuita, ungekuja kama mtoto anavyomwitikia mamaye," alisema taratibu. "Nilitaka uje mwenyewe. Nilikaribia kukata tamaa."

Nyuma yao sauti ya kigeni iliuliza, "Samahani, bado kuna nafasi?"

Mwalimu alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akauweka begani mwa binti yake.

"Pole, mwanangu, imejaa," alimjibu mgeni. "Huyu ndiye mwanagenzi wangu."

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.