Vali Haina Ndugu

Vali haina ndugu. Mliisikia jana uwanjani, mwalimu wa mpira alipomwacha mwanawe wa kumzaa nje ya timu. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa, ninyi mkabaki mnatazamana. Sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Mmekuja mahali penyewe, maana nilikuwepo, tena jina langu ndilo lililokuwa hatarini. Methali hii ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa kituo cha afya cha masista, huko Lugoda milimani. Kituo kilikuwa na magari mawili ya wagonjwa, ya petroli, ya aina moja, yaliyoletwa siku moja. Moja niliendesha mimi, jingine mwenzangu Chaula. Tulipanda milima ileile na kubeba wagonjwa walewale. Tofauti yetu ilikuwa petroli. Chaula alikaa mjini, akajaza kwenye kituo cha mafuta cha kampuni kubwa, chenye kibao kinachoonekana toka mbali. Mimi nilijaza hapohapo Lugoda kwa Oberi Sanga, ambaye kituo chake hakikuwa na jina wala rangi.

Oberi alikuwa mtu wa maneno. "Petroli yote inatoka ghala moja," alipenda kusema. "Wao wanauza kibao, mimi nauza mafuta." Na kuhusu ghala hakudanganya. Lori lake na malori ya kampuni yalipanga foleni moja.

Mwaka wa tatu gari langu likaanza usumbufu. Asubuhi liligoma kuwaka, na likiwaka lilitetemeka kama mwenye homa. Nikamwambia Sista Desderia, msimamizi wa kituo. Akasema tungoje zamu ya matengenezo. Kabla zamu haijafika, nikawa nampeleka hospitali ya wilaya mama mwenye uchungu wa kujifungua, na gari likazima katikati ya mlima wa Igoda. Nikaliwasha, likakohoa, likazima tena. Yule mama akanishika shati. "Baba, usiniache hapa," akasema. Sauti ile sijaisahau. Ikabidi Chaula aje kutoka mjini kumchukua. Mama na mtoto walipona, lakini ilibaki kidogo sana.

Kesho yake Sista akatuita, mimi na Oberi.

"Sista, petroli yangu haina kosa," Oberi akasema. "Huyu Luvanda anaifyonza, anakwenda kuiuza, halafu anajazia mafuta ya taa."

Nilijitetea, lakini nani angeamini? Gari lilikuwa limezima mikononi mwangu. Sista akatutazama wote wawili, akasema, "Aitwe fundi Eliseta."

Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Eliseta alikuwa fundi hodari kuliko wote milimani, hilo nilijua. Lakini alikuwa mdogo wake Oberi, baba mmoja, mama mmoja. Watu walipomcheka kuwa msichana gani anajifunza injini, ni Oberi aliyemsomesha chuo cha ufundi. Oberi alipolisikia jina la mdogo wake akatabasamu.

Eliseta akaja na sanduku lake la spana. Kwanza akachota petroli kidogo kwenye tangi langu, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Pembeni akadondosha tone la mafuta ya taa kutoka kwenye taa ya Sista. Tukasubiri. Tone la mafuta ya taa likaacha doa la mafuta. La petroli likakauka, karatasi ikabaki safi.

"Luvanda hajachanganya kitu," akasema.

Nilikaa chini palepale kwenye majani.

Lakini hakuishia hapo. Akafungua injini ya gari la Chaula, kisha ya langu, siku nzima, huku watu wakijaa uani. Jioni akatuita tusogee. Alikuwa ameshika vali mbili, moja kila mkono.

"Hivi ni vifuniko," akasema. "Petroli na hewa hupita hapa kuingia ndani ya injini. Tazameni wenyewe."

Vali ya Chaula ilikuwa na rangi ya chai, basi. Yangu ilikuwa na masizi mazito kama sufuria ya kuni. Ungeweza kuyakwangua kwa ukucha.

"Petroli ni ya ghala moja, kaka hakusema uongo," Eliseta akaendelea. "Na nguvu yake ni moja. Lakini ile kampuni, lori lake likipakia, huongeza dawa ya kusafisha. Ni kidogo sana, ila inasafisha hapa kila siku. Ya kaka haina ya kutosha."

Watu wote uani wakamgeukia Oberi.

"Eliseta," Oberi akasema polepole, "nani alikusomesha?"

"Ni wewe, kaka."

"Na leo unaniaibisha mbele za watu?"

Eliseta akaziweka vali juu ya sanduku lake. "Kaka, nakuheshimu, nitakuheshimu hadi naingia kaburini. Lakini nikidanganya hapa, mama mwingine atakwama Igoda. Vali haina ndugu."

Chaula akacheka. Eliseta akamgeukia. "Nawe usicheke. Kibao hakijasafisha chochote, ni dawa. Siku wakiacha kuitia, vali zako zitakuwa hivihivi." Kisha akamtazama Sista. "Na gari hili lilianza kulalamika zamani. Lilipaswa kufunguliwa siku ileile."

Sista Desderia akainamisha kichwa, halafu akaniomba radhi mbele ya wote.

Eliseta akazisugua vali zote kwa mkono, moja moja, akarudisha injini. Oberi alikuwa ameondoka bila kuaga. Mwezi mzima hakukanyaga kwa mdogo wake, na najua Eliseta alilia, mke wangu alimkuta. Ila neno lake hakulibadilisha.

Kisha siku moja Oberi akaja kwangu mwenyewe. Alikuwa amemwandama muuzaji wake hadi lori lake nalo likawa linatiwa dawa ile. "Jaza kwangu," akaniambia. "Baada ya mwaka, mwite fundi afungue."

Mwaka ukaisha, Eliseta akafungua. Vali zilikuwa na rangi ya chai. Oberi akaishika moja, akaigeuza kwenye jua muda mrefu, akamwambia mdogo wake, "Usingesema, nisingejua." Wakaenda kula pamoja.

Baadaye Oberi alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na jamaa zake wakawa wanamjia kuomba upendeleo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu kwa maneno yale, mpaka yakaenea milima yote. Na wengi wanaoyasema leo hawajawahi kuiona vali.

Kwa hiyo msidhani ni maneno ya mtu asiyependa ndugu zake. Yule binti alimpenda kaka yake kuliko sisi sote tuliokuwa tukimchekea Oberi pale akitujazia petroli. Vali haina ndugu.