Kichaka Kisichomwagiwa Maji

Tulieni niwasimulie. Hapo kale, katika nchi ya jua kali, zimwi lilimmeza Sidi, binti pekee wa Mbodze. Mbodze akalia mpaka zimwi likachoka kumsikia. Likaja likapanda kichaka bustanini mwake, likasema, “Kikichanua, mwanao atarudi. Ukikimwagia maji kitaoza, naye atakufa.”

Siku ya kwanza majani yakapukutika, na sauti ikatoka mizizini: “Mama, nina kiu.” Mbodze akachota maji, akafika nayo, akarudi nayo.

Siku ya pili: “Mama, nina kiu.” Akachota tena, akarudi nayo tena, huku analia.

Siku ya tatu sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Mbodze akauvunja mtungi wake, akaketi juani kando ya kichaka. “Niko hapa, mwanangu,” akasema, maana hakuwa na jingine. Sauti ikanyamaza.

Kulipopambazuka, kichaka kilikuwa kimejaa maua mekundu, na Sidi amesimama kando yake, mzima.

“Mama,” akauliza, “kwani ulikuwa hunisikii?”



Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye jibu akampe Mbodze.