Mpingo wa Siwema

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kualikana kuezeka, Kindi aliishi katika tundu la mpingo mkongwe. Aliishi peke yake. Mkewe, Siwema, alikufa kipupwe kilichopita, lakini sufi aliyoitandika ilikuwa bado ina harufu yake. Kila jioni Kindi alilala upande mmoja, akauacha ule mwingine wazi.

Siku moja, ndi! ndi! ndi! Tembo huyo.

"Hodi, jirani! Shuka. Nang'oa mti huu, nataka nguzo ya nyumba."

Kindi akaitazama ile sufi. Nguvu za kumzuia Tembo hakuwa nazo.

"Nguzo ya mti mfu, bwana mkubwa?"

"Mfu? Na majani haya je?"

"Lichome gome kwa pembe yako, ujionee."

Kwacha! Gome likabanduka. Chini yake mti ulikuwa mweupe pe, umejaa maji. Tembo akazidi kuchoma. Ndani kukatokea kiini cheusi tii, kikavu.

"Lo! Nini hiki?"

"Kilikuwa cheupe, kikipandisha maji. Kikazeeka, kikaziba vijia vyake kwa utomvu, kikafa. Kila mwaka weupe kidogo hukifuata. Mimi nimezoea kukaa na wafu, bwana. Wewe una watoto."

"Ptuu! Mkosi!"

Tembo akaenda zake, akang'oa mti mchanga, mweupe hadi ndani. Akasimamisha nguzo. Wageni wakaezeka, wakala wakashiba.

Mchwa nao wakala. Masika hayajaisha, nyumba ikaanguka, gwaa!

Tembo akarudi, makuti yamemning'inia masikioni.

"Mwongo we! Mpingo wako mfu, mbona umesimama?"

"Nimekudanganya wapi? Umekufa ndani. Hukuuliza kinachousimamisha ni nini."

Kindi akamwonyesha tawi kubwa la mpingo ule, lililoangushwa na radi zamani. Mchwa walikuwa wamekula weupe wote. Moyo mweusi hawakuuweza.

"Chukua hilo, litakutosha."

"Kwa nini hukunipa siku ile?"

"Ungelicheka, bwana. Kwa nje limeliwa."

Tembo akalibeba, akaondoka polepole. Kindi akapanda tunduni, akalala upande wake.

Nanyi shikeni hili, wanangu: kilichokufa moyoni mwa mti ndicho kinachousimamisha.