Boga la Sitini

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kinyonge kama watu wasio na chakula tumboni. Tena! Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Na ninyi wakubwa mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, sogeeni. Hadithi ya leo ina hesabu ndani. Wewe, unakwenda wapi? Kaa! Hesabu haing'ati. Katika hadithi hii ilimng'ata mmoja tu, na alistahili.

Hapo zamani za kale, namba zenyewe zikiwa bado changa, kulikuwa na shamba la maboga bondeni. Nyumba sita zililima. Nyumba ya Kanga. Nyumba ya Mhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu. Nyumba ya Ngiri. Ya Nungunungu, ya Pimbi, na ya Nguchiro. Walilima pamoja, wakapalilia pamoja, wakavuna pamoja.

Fisi hakulima. Fisi aligawa.

"Kugawa nako ni kazi," alisema. "Mkigawana wenyewe mtatoana macho. Niacheni mimi, nitagawa sawa kwa sawa. Ujira wangu ni baki tu. Yale yasiyotosha kuzizunguka nyumba zote, ndiyo yangu."

Baki! Nani atakataa? Wakakubali. Kila mavuno Fisi akawa anasimama katikati ya uwanja, anaimba:

*Lako chukua, lake achukue,*
*yanayobaki Fisi ayachukue!*

Mwaka wa kwanza walivuna maboga arobaini na saba. Nyumba sita, kila nyumba saba. Yakabaki matano. Fisi akayabeba, huyoo!

Mwaka wa pili, arobaini na tisa. Fisi akayatazama maboga. Akawatazama wenzake. Akakuna shingo, kwaru, kwaru.

"Mwaka huu kuna mvivu," akasema. "Mhanga! Hukulima wewe. Toka!"

Mhanga akatoka na pua yake chini. Fisi akagawa kwa nyumba tano. Kila nyumba tisa. Yakabaki manne. Fisi akayabeba, huyoo!

Mwaka wa tatu, hamsini na matatu. "Mwaka huu hamna mvivu, hongereni!" Kila nyumba manane. Yakabaki matano. Huyoo!

Mwaka wa nne, hamsini na manne. Fisi akakuna shingo, kwaru, kwaru.

"Kuna mvivu. Kanga! Toka!"

"Mimi?" Kanga akapiga kelele. "Nimelima mpaka kucha zimeisha! Waulizeni hawa!"

Hawa wakatazama juu. Maana Kanga akitoka, kila nyumba inapata kumi. Akibaki, tisa. Mnaona walivyo? Ngiri ndiye aliyefungua kinywa. "Bwana Fisi ni mjuzi," alisema. "Hamsingizii mtu." Akabeba kumi yake, akampita Kanga bila hata salamu.

Fisi akabeba manne. Kanga akaenda nyumbani mikono mitupu, watoto wanamwangalia.

Mwaka ule ulikuwa mchungu. Watoto wa Kanga walikula mchwa na mbegu za majani makavu. Njaa iliwauma. Lakini jina ndilo lililomuuma mama yao zaidi. Akipita njiani anasikia, "Huyo, yule mvivu." Akienda kisimani, "Huyo, yule mvivu." Kanga alitaka jina lake lirudi, hata kuliko alivyotaka maboga.

Siku moja Mhanga akabisha hodi, amebeba boga moja mgongoni. "Pokea, jirani. Mimi nayajua haya. Yalinikuta."

Kanga akashukuru, akaliweka boga pembeni. Watoto wakalizunguka, mate yanawatoka.

"Tulikate, mama?"

"Bado. Hili ni la siku mbaya kuliko ya leo."

Kisha akamgeukia Mhanga. "Kaka, una mbegu za maboga? Niazime nyingi. Nina jambo linanikera."

Mhanga akaleta kikapu. Kanga akahesabu mbegu hamsini na nne, akazipanga mafungu sita, moja moja. Hazikubaki. Akazichanganya, akazipanga mafungu matano. Zikabaki nne.

"Fisi alibeba maboga mangapi mwaka wangu?"

"Manne," Mhanga akasema.

Akahesabu mbegu arobaini na tisa. Mafungu sita, ikabaki moja. Mafungu matano, zikabaki nne.

"Na mwaka wako alibeba mangapi?"

Mhanga akakaa chini, pu! "Manne."

"Na ile miaka isiyo na mvivu, alibeba matano. Nyumba sita zenyewe zilimbakizia matano! Kaka, Fisi hatazami nani amelima. Anatazama baki. Baki ya sita ikiwa ndogo, anatafuta mvivu ili agawe kwa tano. Uvivu wetu haukuwa mikononi mwetu. Ulikuwa kwenye namba!"

Kanga akacheka, kekekeke! Alicheka kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Akawaita watoto.

"Wanangu, tutafute namba isiyombakizia Fisi kitu. Tukigawa kwa sita, hola. Akifukuza mmoja, hola. Akifukuza wawili, watatu, wanne, hola!"

Haya, nanyi tafuteni. Namba inayogawanyika kwa tano huishia na nini? Semeni!

— Sifuri au tano!

Na inayogawanyika kwa mbili haiwezi kuishia na tano. Basi inaishia na sifuri. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Na inayogawanyika kwa tatu? Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika. Kumi ni moja na sifuri: moja, haifai. Ishirini: mbili, haifai. Thelathini: tatu, inafaa! Watoto wa Kanga wakaruka. Wakajaribu mafungu manne. Zikabaki mbegu mbili. Wakanuna. Arobaini: nne, haifai. Hamsini: tano, haifai. Sitini: sita, inafaa! Mafungu manne? Kumi na tano kila fungu, haikubaki hata mbegu. Na kwa sita? Kumi kumi!

"Sitini," Kanga akasema. "Ndiyo hiyo."

Mavuno yakafika. Wakakata maboga, pu, pu, pu! Kanga akahesabu kimoyomoyo. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Shamba likaisha.

Watoto wakamnong'oneza, "Mama, hamsini na tisa kwa sita, baki tano. Mwaka huu hatafuti mvivu! Tutapata tisa yetu. Tunyamaze."

"Mwaka huu tutapona," Kanga akajibu. "Na mwakani atafukuzwa nani?"

Akarudi nyumbani. Akalitazama lile boga la siku mbaya. Lilikuwa moja, nalo lilikuwa lote walilokuwa nalo. Lakini hesabu yake aliijua. Akalisukuma kwa kifua, biringi, biringi, biringi, mpaka uwanjani.

Fisi alikuwa ameshahesabu. Alikuwa ameshatangaza, "Mwaka huu hamna mvivu!"

"Bwana Fisi," Kanga akasema, "pokea na hili. Ni akiba yangu. Liingie kwenye lundo, ligawiwe pamoja na mengine."

Ngiri akaguna. "Mvivu naye ana akiba?"

Lakini Fisi alikuwa akihesabu kwa kucha. Baki matano. Na hili moja. Sita! Sita yangu! Hakukumbuka kwamba nyumba nazo ni sita. Tamaa ilikuwa imemkalia machoni.

"Weka, mama, weka! Una moyo mzuri wewe!"

Akaanza kugawa.

*Lako chukua, lake achukue,*
*yanayobaki Fisi ayachukue!*

Kila nyumba moja. Kila nyumba mawili. Matatu. Manne. Mpaka tisa. Yakabaki sita, Fisi akanyoosha mikono.

"Bado mzunguko mmoja," Kanga akasema. "Maboga sita, nyumba sita."

Kila nyumba kumi. Chini, peupe. Jii!

Fisi akakuna shingo, kwaru, kwaru, kwaru. "Ngojeni. Nimekosea. Kuna mvivu. Kanga! Toka!"

Kanga akatoka, hakubisha. Maboga yakarudishwa lundoni. Nyumba tano. Kila nyumba kumi na mawili. Baki?

— Hola!

"Mhanga naye mvivu! Toka!" Nyumba nne. Kila nyumba kumi na matano. Baki?

— Hola!

"Pimbi mvivu!" Nyumba tatu, ishirini ishirini. Baki?

— Hola!

"Nguchiro mvivu!" Nyumba mbili, thelathini thelathini. Baki?

— Holaaa!

Fisi akatokwa na povu. "Nungunungu mvivu!" Akabaki Ngiri peke yake, na maboga sitini yote ni yake. Ngiri akatabasamu, meno nje. Fisi akamtazama. Akamtazama tena.

"Ngiri," akasema polepole, "hata wewe hukulima."

"Mimi?" Ngiri akaruka. "Nimelima mpaka pua imechubuka! Waulizeni hawa!"

Akageuka. Hawa walikuwa wamesimama nje ya uwanja, watano, wanamtazama. Kila mmoja ameitwa mvivu asubuhi ile ile, kwa kinywa kile kile. Hakuna aliyetazama juu safari hii.

Pembe za Ngiri zikainama mpaka chini. Akamwendea Kanga mbele ya wote.

"Mama Kanga. Mwaka jana ulilima?"

"Nililima."

"Nilikuona ukilima. Nikamuunga mkono Fisi kwa ajili ya boga moja. Nisamehe, mama."

Kanga akalia. Ndiyo, alilia mbele za watu, na hakuona haya. Jina lake lilikuwa limerudi.

Kisha Ngiri akageuka kumtafuta Fisi, pembe mbele. Nungunungu akasimamisha miiba, charrr! Fisi akarudi nyuma. "Nami nitakula nini?"

"Kuna jembe pale," Kanga akasema. "Ukilima, utakuwa nyumba ya saba, nasi tutahesabu upya."

Fisi akalitazama jembe. Akaitazama njia. Akachagua njia, mbio, hi-hi-hii! Ndiyo maana mpaka leo humwoni Fisi shambani. Anazunguka nje kutafuta mabaki ya wengine.

Nyumba sita zikagawana kumi kumi. Kanga akakata boga moja siku ile ile, watoto wakala mpaka wakalala juu ya maganda.

Funzo ni hili, na lishikeni wakubwa kwa wadogo: mtu akikwambia mwenzako hafai, usitazame kwanza fungu lako limeongezeka kiasi gani. Hesabu. Uone baki inakwenda kwa nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, imegawanyika kwenu wote sawasawa, na kwangu haikubaki hata neno.